SOMO: Kusoma huku unafanya kazi nje kwa muda, chunguza hivi kabla hujauliza

Wakuu salaam. Kila wiki inboksi yangu inajaa swali lilelile, "naweza kwenda wapi nikasoma huku napiga kibarua?" Nimejibu sana, mmoja mmoja, saivi naweka hapa mara moja na atakayeuliza tena ntamtumia linki ya uzi huu.

1. Amua kinachokupeleka ni masomo au kazi. Viza inafuata hicho.

2. Angalia pasipoti inaisha lini.

3. Jua njia zilizopo. Ya kwanza ni viza ya mwanafunzi yenye ruhusa ya saa chache za kazi. Ya pili ni mafunzo kwa vitendo, mfano IAESTE, shirika linalopeleka wanafunzi wa sayansi na ufundi kwenye mafunzo kazini nje, wapo tangu 1948. Ya tatu ni viza za likizo na kazi, hizi ni makubaliano ya nchi na nchi, umri mara nyingi 18 mpaka 30, kwa hiyo kitu cha kwanza tazama kama nchi ya pasipoti yako imo kwenye orodha, kama haimo usipoteze siku nzima unasoma masharti mengine.

4. Saa za kazi. Hapa ndo niliharibu kwa hiyo someni taratibu. Watu wanakariri "saa 20 kwa wiki" kama vile ni sheria ya dunia nzima. Canada ni 24 nje ya chuo tangu Novemba 2024. Australia ni 48 kwa siku 14. Japani 28 kwa wiki, na ruhusa unaiomba pembeni, haiji yenyewe na viza. Ujerumani wanahesabu siku, 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka. Ufaransa ni saa 964 kwa mwaka. Uholanzi 16 kwa wiki na mwajiri ndo anakuombea kibali. Marekani mwaka wa kwanza ni ndani ya chuo tu.

Mimi nilikua Uingereza, shahada ya uzamili, na namba 20 niliijua vizuri kabisa. Nisichokijua ni "wiki" maana yake nini. Wiki moja nikafanya saa 24, iliyofuata nikafanya 16, nikajumlisha nikagawa kwa mbili nikaona niko salama. Kumbe kule wiki ni Jumatatu mpaka Jumapili, kila wiki inasimama peke yake, hamna wastani. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikaniita, nikapewa onyo la maandishi, shifti zikakatwa, na karibu mwezi mzima sikulala vizuri nikiwaza nitarudishwa kabla sijamaliza.

Kwa hiyo ONYO: usiishie kwenye namba. Fungua tovuti ya serikali ya nchi husika, sio video ya mtu, tafuta wanavyoeleza vitu vitatu: wiki ni nini, kazi ni nini, likizo ni nini. Uingereza hata kazi isiyo na malipo inaweza kuingia kwenye zile 20. Na ukisoma kozi chini ya ngazi ya digrii ni 10, sio 20. Na viza ya kozi fupi ya Kiingereza hairuhusu kazi kabisa, hata saa moja.

5. Hela. Uingereza kama unatakiwa kuonyesha pesa, zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, zikishuka chini ya kiwango hata siku moja unaanza kuhesabu upya. Ujerumani wengi wanaweka akaunti iliyofungwa, unatoa kiasi kila mwezi. Mshahara wa kibarua ambacho hujakipata usiuweke kwenye hesabu ya ada, tafadhali.

6. Omba mapema.

MASWALI

Mdau: Mkuu nchi gani rahisi?

Mleta somo: Soma hatua ya 3 na ya 4.

Mdau: Nimesoma ila ndefu, nitajie moja tu.

Mleta somo: Siwezi kukuchagulia, sijui unasoma nini, una hela kiasi gani wala pasipoti yako ya wapi.

Mdau: Wakala ameniambia niingie na viza ya kutembea halafu nibadilishe nikiwa hukohuko.

Mleta somo: Uingereza huwezi kutoka viza ya mgeni kwenda ya mwanafunzi ukiwa ndani. Australia nao walifunga mlango huo Julai 2024. Kama bado hujamlipa, usimlipe.

Mdau: Unatisha watu bure, jamaa yangu anapiga saa 40 na hajafanywa kitu.

Mleta somo: Sijasema kila mtu anakamatwa. Nimesema yaliyonikuta mimi. Malipo yanaacha kumbukumbu, na siku jamaa yako akiomba viza nyingine ndo zinaweza kufunguliwa. Wewe ni mtu mzima, amua.

Mdau: Samahani dada, hiyo 48 ya Australia, naweza kufanya 40 wiki moja halafu 8 inayofuata?

Mleta somo: Swali zuri sana hili, asante. Hizo wiki mbili peke yake sawa. Ila kule kila Jumatatu inafungua siku 14 mpya, kwa hiyo zinapandana. Chukua wiki ya kwanza 15, ya pili 30, ya tatu 25. Ya kwanza na ya pili ni 45, uko salama. Ya pili na ya tatu ni 55, umeshavunja. Kila ukipewa shifti jumlisha na wiki ya nyuma na ya mbele. Na usianze kazi kabla kozi haijaanza.

Mdau: Na uzamili, ile likizo ya kiangazi si unafanya kazi muda wote?

Mleta somo: Uingereza, kwa uzamili wa mwaka mmoja, hapana. Kile kipindi unaandika tasnifu, kinahesabika bado ni masomo, 20 inabaki palepale. Wa digrii ya kwanza ndo wana likizo kweli. Omba chuo kikupe tarehe za mihula kwa maandishi, mwajiri atazitaka.

Mdau: Mimi natengeneza tovuti za wateja mtandaoni, hiyo nayo?

Mleta somo: Uingereza kujiajiri kumekatazwa kwa mwanafunzi, na laptopu yako haikutoi kwenye sheria hiyo. Nchi nyingine soma pale wanapoeleza kazi ni nini.

Mdau: Naongezea, majibu ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL yanadumu miaka 2, msifanye mapema mno. Na jina kwenye vyeti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, mimi lilinichelewesha.

Mleta somo: Asante, hilo la jina nalisogeza kwenye hatua ya 2.