SOMO: Kumwaga jamvi (sakafu ya zege) la karakana shambani, soma lote kabla hujanifuata inboksi

Wakuu, kila wiki naulizwa zege la karakana linachanganywaje, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Mfano wangu ni banda la mita 6 kwa 8 huku Makambako, linaingia trekta, pawatila na mashine ya kusaga. Unene inchi 6, yaani sm 15. Banda la kuku ni habari nyingine, tusichanganye.

1. Kwangua udongo wote wenye mizizi mpaka ufike pagumu.

2. Moramu (udongo wa changarawe) tabaka kwa tabaka, sm 15 kila moja, nyunyiza maji kidogo, shindilia. Kompakta zinakodishwa kwa siku, kodi. Ukiibana moramu mkononi ikashika donge bila kutoa maji, hapo ndio pa kushindilia.

3. Mchanga mwembamba juu, halafu nailoni nene ya geji 1000, mapishano sm 30.

4. Leveli kwa mpira wa maji. Mlangoni pawe chini kwa sm 8 kuliko ukuta wa nyuma, ukiosha mashine maji yatoke yenyewe.

5. Gawa mapande manne ya mita 3 kwa 4 kwa mbao za inchi 6. Leo mwaga mawili yanayotazamana kona kwa kona, mengine kesho kutwa. Zege likikauka lazima lisinyae, usipolichagulia pa kupasukia litachagua lenyewe.

6. BRC (wavu wa chuma) ikae juu ya biskuti (vipande vya zege vya kuinulia wavu), kama sm 5 toka usoni, na iishie kwenye kila kiungo cha mapande. Ukiilaza kwenye nailoni eti tutaivuta juu tukimwaga, umezika hela.

7. Kuchanganya. Hapa nakaa kidogo maana sakafu nyingi ninazoitwa kuvunja zimeharibikia hapa. Ratio ni 1:2:3, mfuko 1 wa saruji ya daraja la nguvu 42.5, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 5 na robo, ndoo za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni, sio kichuguu. Jamvi lote linakula kama mifuko 53, nunua 56. Sasa maji: lita 25 kwa mfuko BASI, na mchanga ukiwa mbichi punguza. Vibarua wanapenda zege la uji kwa sababu linatembea lenyewe na koleo haliumizi mgongo, ukigeuka tu wameongeza ndoo, na yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, nguvu inashuka na uso unakuwa laini, ndani ya mwaka unafagia na kila ukifagia linatoka vumbi la kijivu, hiyo ndio sakafu yako inaondoka. Weka mtu mmoja unayemwamini kwenye maji, apime kwa ndoo, mpira wa bomba usisogee kabisa kwenye mchanganyiko. Zege zuri ukilibeba kwenye koleo linakaa kilima, halichuruziki pembeni.

Na ONYO lingine: usinyunyize saruji kavu kunyonya maji yanayopanda usoni. Subiri yakauke ndio upige ubao. Niru (saruji tupu ya kulainisha uso) kwenye karakana usiweke, itabanduka kama ganda.

8. Mwaga, chomachoma kwa nondo hasa konani na kando ya mbao, vuta rula (ubao mrefu ulionyooka) usawazishe.

9. Upepo wa Makambako mnaujua. Unakausha uso wakati ndani bado kubichi, na unaona nyufa nyembamba kama nywele kabla hata ya jioni. Mwaga asubuhi sana, uso ukishika tu funika kwa nailoni au magunia mabichi, endelea kulowesha siku 7 bila kuruka, 10 ni bora. Trekta baada ya siku 28.

MASWALI

Mdau_Mbozi: Mkuu ratio ngapi?
— Hatua ya 7.

BabaKulwa: Fundi wangu kasema inchi 3 inatosha, BRC ndio inabeba. Au unatutisha tununue saruji?
— Siuzi saruji. BRC kazi yake ni kushika ufa usifunguke, haigeuzi inchi 3 kuwa 6. Inchi 3 ni ya miguu ya watu.

Dada_Usangu: Huku kwetu udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Moramu sm 15 itatosha kweli? Na mchanga chini ya nailoni wa nini?
— Asante dada, umeuliza la maana. Haitatosha. Udongo huo ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, jamvi linainuliwa na kuachwa hewani. Chimba mpaka uumalize, ukiwa wa kina kirefu toa walau mita 1, jaza moramu iliyoshindiliwa, ipite nje ya kuta mita 1 pande zote. Usijaze mchanga mtupu, utakusanya maji chini kama beseni. Mvua ya bati uipeleke mbali kwa mtaro, miti usipande karibu. Mchanga chini ya nailoni ni ili mawe yasiitoboe, na nailoni inazuia unyevu kupanda na pia ardhi isinyonye maji ya zege.

Haraka255: Nimemwaga jana, trekta naingiza lini? Nina haraka.
— Hatua ya 9.

Fundi_Njombe: Niongezee, mchanga wa mto upimeni. Chupa angavu, mchanga sm 10, maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha masaa matatu. Tope la juu likizidi mm 8 huo mchanga uoshe au urudishe.
— Kweli kabisa fundi. Na vibarua wavae gambuti, saruji mbichi inaunguza ngozi, mtu anagundua jioni.

Mama_Shamba: Naweza kuweka pete sakafuni ya kuvutia mashine nzito?
— Weka mama, utaishukuru. Nondo ya mm 16 ikunje U, miguu ipinde chini ya BRC, kichwa kikae ndani ya kopo ili isikwaze mtu. Iwe katikati ya pande, mbali na kiungo. Kopo lijaze matambara kabla ya kumwaga, zege likiingia humo utalitoa kwa tindo.