Kabla hujaagiza diski na pedi za breki kwa gari lililoko Uganda

Mama yangu anaishi Ntinda, Kampala. Siku moja alinipigia simu nikiwa Birmingham, akasema, "Mwanangu, nikishuka kilima cha Naguru nikikanyaga breki, usukani unatetemeka mkononi." Jioni ile ile nikafungua tovuti ya spea, nikaagiza diski mbili za mbele na pedi zake. Wiki tatu baadaye binamu yangu akazibeba sandukuni hadi Entebbe.

Hazikuingia. Gari la Mama ni Toyota Premio, na Premio haikuwahi kuuzwa mpya Uingereza. Nilikuwa nimechagua za Avensis kwa sababu niliambiwa ni gari lile lile kwa jina jingine. Fundi wake, Mkongomani mwenye gereji Katwe, alinisogezea simu karibu na gurudumu. "Dada, tazama mwenyewe. Matundu matano yamekaa sawasawa. Lakini diski ni kubwa, kalipa haipiti." Kalipa ni kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski. Mama akaendelea kupanda bodaboda wiki tano nyingine, mtu wa miaka sitini na tisa.

Tangu hapo nimewanunulia ndugu breki mara kadhaa, na kila mara kazi kubwa imefanyika Kampala kabla sijagusa tovuti yoyote. Sisi tulio nje hudhani kazi ni kutafuta bei nzuri. Bei ni jambo la mwisho.

Kwanza hakikisha kweli ni diski

Muulize dereva swali moja: usukani unatetemeka wakati wa kukanyaga breki tu, au hata gari likikimbia bila breki? Kama ni kila wakati, tatizo huenda ni balansi ya matairi au bushi zilizochoka, na diski mpya hazitasaidia. Kama ni kwenye breki tu, mwombe fundi avue gurudumu na diski, asafishe kutu iliyoganda kwenye uso wa habu, yaani kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa, airudishe na kujaribu tena. Watu husema diski imepinda, lakini mara nyingi kilichopo ni unene usiolingana, au mabaki ya pedi yaliyoshika upande mmoja, au uchafu kati ya diski na habu. Kutu nyembamba kama karatasi pale kwenye habu inatosha kuifanya diski iyumbe.

Gurudumu likiwa limevuliwa, fundi apime unene wa diski kwa vernia, kile kipimio cha milimita. Kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa huwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe, pembeni au karibu na matundu ya bolti, kwa herufi MIN TH na milimita zake. Ikiwa chini ya hapo, haifai kuchongwa tena kwenye mashine, hata kama mtu wa mashine yuko tayari kuichonga. Pedi zilizobaki milimita 3 nazo zimefika mwisho.

Namba ya chesisi, si jina la gari

Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Tovuti za Uingereza hukuomba namba ya usajili, na za Marekani hukuomba mwaka, kampuni na modeli. Nyingine hutaka ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Magari mengi ya Uganda yametoka Japani yakiwa yametumika, na yalitengenezwa kwa soko la Japani. Hayana namba ya 17. Yana namba ya chesisi iliyo fupi zaidi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe. Kwenye Premio iliyotoka kuanzia 2007, kwa mfano, NZT260 ni ya injini ya lita 1.5 na ZRT260 ni ya lita 1.8. Kwa mtu wa barabarani zote ni Premio. Kwa muuza spea ni magari mawili.

Namba hiyo iko kwenye kibati ndani ya boneti na kwenye logibuku. Omba picha ya vyote viwili, usikubali kusomewa kwa simu. Kisha iingize kwenye katalogi zinazojua magari ya Japani, kama Amayama au PartSouq. Zitakupa namba ya spea ya Toyota yenyewe. Pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, diski za mbele 43512 na za nyuma 42431. Ukishapata namba kamili yenye tarakimu au herufi kumi, sasa unaweza kutafuta za kampuni nyingine, kwa sababu watengenezaji wengi huorodhesha namba ya Toyota ambayo spea yao inachukua nafasi yake. Hapo ndipo pesa inapookolewa. Akebono na Advics, kwa mfano, huitengenezea Toyota breki za magari mapya, na pedi zao hupatikana pia kwenye boksi lenye jina lao.

Hata hivyo namba peke yake haikutoshi. Gari lililopita kwa wenye mali watatu huenda lilishafungwa kalipa ya gari jingine. Kwa hiyo fundi apige picha ya pedi ya zamani mbele na nyuma ikiwa juu ya rula, na apime kipenyo cha diski, kimo chake chote kutoka uso wa habu, tundu la katikati na idadi ya matundu ya bolti. Linganisha na vipimo kwenye ukurasa wa bidhaa. Ukurasa usio na vipimo, uache.

Na fanya ulinganisho huo boksi likiwa bado nyumbani kwako. Uingereza, mtu aliyenunua mtandaoni ana siku 14 tangu kupokea mzigo za kubadili nia na kumjulisha muuzaji. Spea ikishafika Kampala ndipo mkagundua haiingii, siku hizo zimekwisha. Mimi hupima kwa rula jikoni, nikampigia fundi kwa video, naye akapima ile ya zamani tukiwa tunaonana.

Unachokitafuta kwenye pedi

Ukiwa Uingereza au Ulaya, tafuta alama ya E ndani ya duara pamoja na namba yenye 90R nyuma ya pedi. Hiyo ni kanuni ya R90, inayotaka pedi mbadala ifunge breki karibu sawa na ya asili, tofauti isizidi asilimia 15. Pedi za Marekani huwa na herufi mbili pembeni, kama FF au GG. Ya kwanza inaonyesha nguvu ya msuguano breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na joto kali. Ukiona FE, ujue inalegea ikipata moto, na mimi singeifunga kwenye gari linaloteremka kutoka Kapchorwa kwenda Mbale.

Mahali gari linapotembea ndipo panapoamua aina. Mama anazunguka Ntinda, Bukoto na Nakawa, foleni tupu, kwa hiyo nilimnunulia za seramiki: hazilii na vumbi lake ni kidogo. Baba mdogo hupakia mzigo kati ya Kabale na Kisoro, milima na kona zisizokwisha. Yeye nilimpa zenye chuma ndani yake, zinazovumilia joto. Zina kelele kidogo na hula diski haraka zaidi, nikamweleza hivyo tangu mwanzo.

Diski zenye vitundu na mifereji hupendeza pichani. Achana nazo. Gari la familia halizihitaji, matundu yake ni mahali pa kuanzia ufa, na ni ghali zaidi. Diski ya kawaida ya kampuni inayojulikana inatosha kabisa.

Kuhusu feki: kwenye soko la mtandaoni lenye wauzaji wengi, jina kubwa lililo juu ya ukurasa si muuzaji. Soma ni nani hasa anayeuza na anatuma kutoka wapi. Pedi za jina maarufu zikiwa nusu ya bei ya kwingine kote, usinunue, hata kama bajeti imebana. Hii ni breki ya mtu unayempenda.

Uzito na ushuru

Diski za mbele za saluni ni chuma cha kusubu. Mbili pamoja na pedi zake hufikia kilo 12 hadi 16, na sanduku la ndege mara nyingi ni kilo 23. Kwa hiyo siku hizi nabeba pedi, na diski namtuma fundi azinunue Kampala nikiwa nimempa namba na vipimo, kwa wakala rasmi wa Toyota nchini au kwa muuzaji wa Kisekka, soko la spea, ambaye fundi amemzoea na atakubali kubadilisha. Ukilazimika kubeba diski, zifunge moja moja kwa nguo nene. Zikianguka zinaweza kupata ufa. Kopo la kupuliza la kusafishia breki usilitie sandukuni kamwe, linashika moto.

Ukituma kama mzigo, weka risiti halisi ndani na uandike kilichomo kwa ukweli. Kifungu cha forodha cha breki na sehemu zake ni 8708.30, na Uganda hutoza VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru. Mpe wakala wa forodha namba hiyo akupigie hesabu kabla hujalipia usafiri, maana kuna tozo nyingine ndogo zinazoongezeka juu yake.

Siku ya kufunga

Omba video. Naomba hivyo hata kwa fundi ninayemwamini, naye hajawahi kukasirika nikimwambia, "Fundi, nisamehe, niko mbali, nataka kuona tu." Nataka kuona diski zikibadilishwa zote mbili za ekseli moja, habu ikisuguliwa hadi ing'ae, mafuta ya kuzuia kutu yakifutwa kwenye diski mpya, pini za kalipa zikipakwa grisi yake na zikiteleza kwa mkono. Vumbi la breki lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa upepo wa mashine. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota. Pedi za zamani apewe Mama azihifadhi.

Kabla gari halijatoka gereji, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini, na mtu asiyejua hilo anaweza kugonga ukuta wa gereji.

Kisha pedi na diski zizoeane. Fundi wetu huondoka na Mama Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, breki ya wastani, bila kusimama kabisa, apumzishe kidogo, arudie mara ishirini au thelathini. Kwa kilomita 300 za mwanzo Mama haruhusiwi kufunga breki ya ghafla isipokuwa kwa hatari. Kilomita 1,000 zikitimia fundi anavua gurudumu moja, ananipigia picha ya unene wa pedi zote mbili. Ya ndani ikiwa imelika kuliko ya nje, pini au pistoni ya kalipa imekwama, na hiyo tunaitengeneza wiki ile ile.