Kausha boga kwenye kikaango kabla ya kuoka keki

Mlioko Marekani, yale maboga makubwa ya Halloween yanayouzwa bei ya kutupa Novemba ikianza yana maji mengi kuliko maboga yetu ya nyumbani. Ukishalichemsha na kuliponda, usilimimine moja kwa moja kwenye unga. Litie kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukoroge kwa mwiko dakika 10 hivi, mpaka ukivuta mwiko njia ibaki wazi na maji yasijikusanye. Liache lipoe kabisa, la sivyo mayai yataivia kwenye bakuli. Maji yakipungua, katikati ya keki hapabaki ubichibichi, na sukari ya boga ikipata moto hutoa utamu mzito ambao iliki na mdalasini peke yake haviuleti. (Samli kijiko kimoja humo kikaangoni si dhambi.) Pima vikombe baada ya kukausha, si kabla. Ila boga la unga, lile linalokaba koo, usilikaushe: keki itakuwa ngumu. Hilo liongezee tui. La kopo, dakika 3 zinatosha.