Kimto cha pini ndani ya kopo lililochorwa: namna ninavyokitengeneza hapa Lubumbashi

Dada mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, anayejifunza kushona aliniletea kimto cha pini alichokitengeneza mwenyewe. Kikwembe chake, yaani kitambaa cha kitenge, kilikuwa kizuri sana. Ndani alijaza pamba, na juu ya kitambaa alichora ua kwa rangi. Pini zilikuwa zimeshika kutu, na pale penye ua sindano iligoma kuingia mpaka aisukume kwa nguvu. Tumekaa pamoja tukatengeneza kingine tangu mwanzo, na haya ndiyo niliyomwonyesha.

Jambo ninaloshikilia ni moja. Kimto ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo. Rangi ikikauka juu ya kitambaa inafunga nyuzi, sindano inakwama, na kila inapotoka inaacha tundu jeupe lisilozibika. Kwa hiyo mimi nachora kwenye kopo, na kitambaa nakiacha kilivyotoka dukani. Mwenye kupenda kuchora ana nafasi ya kutosha kuzunguka kopo lote, na mwenye kushona anapata kimto kisichomsumbua.

Hatua ya 1: kopo

Chukua kopo dogo la nyanya ya kuungia, lile la gramu 70. Ni fupi, halipinduki mezani. Bandua karatasi, osha, kisha laza ukingo uliokatwa: ugonge kwa mgongo wa kijiko kuelekea ndani mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Usiliruke hilo, kwa sababu mkono utarudi hapo kila siku.

Hatua ya 2: rangi

Piga msasa laini nje ya kopo lote mpaka mng'ao uishe. Osha kwa sabuni kuondoa mafuta ya vidole, kausha, na tangu hapo lishike kwa ndani tu. Njia rahisi ni kulivika kwenye shingo ya chupa, unalizungusha bila kuligusa.

Natumia rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango ya chuma, kuanzia tabaka la chini hadi nukta ya mwisho. Najua wengi wanapenda rangi ya maji kwa sababu inakauka upesi na brashi inaoshwa bombani. Lakini rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya bati inabanduka kwa ukucha, na kopo hili litashikwa na mikono yenye jasho. Ukiwa na rangi ya maji peke yake, tanguliza tabaka la rangi ya kuzuia kutu, liache likauke kabisa, lipige msasa kidogo, ndipo uchore. Rangi ya mafuta nayo inataka subira: siku nzima kati ya tabaka na tabaka, na katika miezi ya mvua hata zaidi. Fanya kazi hii nje au mlango ukiwa wazi, maana harufu ya dawa ya kuizimua inaumiza kichwa.

Uchore nini? Mji wetu una shule yake katika jambo hili, na ninasikitika kuona vijana wanatafuta maua ya kunakili kwenye simu. Mwaka 1946, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Pilipili Mulongoy alitoka hapo, na samaki na ndege wake wamezungukwa na nukta ndogo ndogo zinazojaza nafasi yote. Mwenze Kibwanga alijenga picha kwa mistari mifupi inayofuatana. Bela Sara alipaka kwa ncha za vidole. Sisemi tuwaige picha zao. Nasema namna yao ya kujaza nafasi inafaa sana kwa kopo, kwa sababu bati limejikunja na mstari mrefu juu yake unapinda kila mkono unapotetemeka. Nukta haionyeshi mtetemo.

Kwa hiyo: paka kopo lote rangi moja iliyokolea, mimi napenda bluu ya usiku au kahawia ya udongo. Ikikauka, chora umbo moja au mawili kwa rangi bapa, bila vivuli. Samaki, ndege, au msalaba wa shaba wa Katanga, ule uliokuwa ukitumika kama fedha zamani. Mikono yake minne iliyo sawa inakaa vizuri kwenye eneo dogo. Kisha jaza kuzunguka umbo kwa nukta. Kifaa changu ni kichwa cha msumari kwa nukta kubwa na njiti ya ufagio kwa ndogo. Rangi iwe nzito kama uji wa mtoto: ikiwa nyepesi nukta zitatiririka, ikiwa nzito zaidi zitaacha vimkia. Chovya kila nukta ukitaka zilingane. Ukichovya mara moja na kupiga nne au tano mfululizo zitapungua ukubwa, na hilo lenyewe ni pambo zuri ukilielekeza kutoka kwenye umbo kwenda nje. Jicho la ndege liwe la mwisho.

Na tafadhali, msisage malakiti kupata rangi ya kijani. Nimeshaulizwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa kuwa vipande vyake vinauzwa mjini na rangi yake inavutia. Ni jiwe la shaba na vumbi lake ni sumu ukilivuta. Kijani cha kopo la dukani kinatosha.

Hatua ya 3: kitambaa

Pima kipenyo cha mdomo wa kopo, zidisha kwa 1.6, ongeza sentimita 4. Hicho ndicho kipenyo cha duara utakalokata. Kopo la sentimita 5 linataka duara la sentimita 12. Tumia kikwembe chenye nyuzi zilizobanana, kilichofuliwa ili wanga utoke. Kata duara la pili la ukubwa huohuo kwenye shuka kuukuu, litakuwa bitana ya ndani. Vitambaa vinavyovutika acha.

Hatua ya 4: kujaza

Hapa ndipo kimto kinapoamuliwa, na hapa ndipo watu wanapita haraka.

Anza na swali la kinywa. Fundi wa nguo anabana pini midomoni akiwa kazini. Unaweza kumkataza, hatakusikia, mikono yake yote miwili iko kwenye kitambaa. Basi chochote kilichomo ndani ya kimto kinaishia ulimini mwake kidogo kidogo. Ndiyo maana sikubali mchanga au udongo uliookotwa upande wa bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, na ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwandani, hata kama ni laini na mzito na unapatikana bure. Udongo wa huko una metali nzito, risasi ikiwemo. Ukitaka mchanga, nunua wa mtoni, uoshe mpaka maji yawe meupe, uukaushe.

Pamba ndiyo kosa la kawaida zaidi. Inanyonya unyevu wa hewa na kuukumbatia, na kuanzia Novemba mvua zikishika, pini inakaa ndani ya unyevu huo usiku na mchana. Matokeo ni kutu, na kutu ya pini inahamia kwenye nguo ya mteja. Doa la kutu juu ya kitambaa cheupe cha harusi halitoki kwa sabuni. Nyuzi za plastiki za kujazia mito hazishiki maji, hilo ni kweli, lakini ni nyepesi mno: kimto kinabonyea, pini inalegea na kulala. Mabaki ya nywele za bandia za kusukia nayo yana shida hiyohiyo, tena yanateleza. Nywele halisi za binadamu zilitumika zamani katika nchi nyingi kwa sababu zina mafuta yanayozuia kutu. Zinafaa, ila si kila mtu anapenda kuzigusa, na mimi simlazimishi mtu.

Ninachotumia ni vitu viwili: sufu juu, vumbi la msumeno chini.

Sufu ya kondoo ina mafuta yake ya asili, na pini inayopita humo inatoka safi. Hapa mjini haiuzwi kwa kilo, lakini imo kwenye sweta za mitumba. Usiiamini lebo peke yake, mara nyingi imekatwa. Chomoa uzi mmoja na uuguse kwa moto wa kiberiti, juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu linalosagika kati ya vidole. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Ukipata sweta ya sufu, hata iliyotoboka, ifue kwa maji ya moto na uisugue bila huruma: itasinyaa na kuwa nzito, na hivyo ndivyo tunavyoitaka. Ikikauka kata vipande vidogo.

Vumbi la msumeno linatoka kwa seremala. Liwe vumbi, yaani lile linaloanguka chini ya msumeno, na usichukue maranda ya randa: maranda yanaacha mapango ndani ya kimto na sindano inapotea humo. Uliza mbao iliyokatwa ni ipi. Mbao nyeupe ni salama. Mukula ni hatari kwa kazi hii, kwa sababu ni mti wa rangi: vumbi lake jekundu likipata unyevu kidogo tu linapita bitana na kikwembe vyote. Mbao nyingine nyeusi zina maji makali yanayokutana na chuma na kukifanya cheusi. Usipopata jibu la kueleweka, chukua vumbi kidogo, liloweshe, lifunge kwenye kitambaa cheupe pamoja na pini moja, uangalie kesho yake. Kitambaa na pini vitakuambia.

Lichekeche kwa chekecheo la unga ambalo halitarudi jikoni tena. Kisha likaushe. Neno hili naomba lisikike vizuri, kwa sababu vumbi linaloonekana kavu mkononi bado lina maji ndani. Kati ya Juni na Agosti jua na hewa kavu vinatosha: litandaze kwenye bati, ligeuze, liingize ndani kabla ya jioni, rudia siku kadhaa. Miezi ya mvua utahitaji mbabula, yaani jiko la makala (mkaa). Tumia sufuria pana juu ya makala yaliyokwisha kufifia, ukoroge muda wote bila kuondoka. Vumbi la mbao linashika moto kwa chini wakati juu bado linaonekana salama, na likianza kunuka moshi umechelewa. Usilifanye ndani ya nyumba, na usimpe mtoto kazi hiyo. Joto hilo pia linaua wadudu na mayai yao.

Jinsi ya kujua limekauka: lijaze kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, lifunge, liweke juani kwa saa moja. Ukiona matone au ukungu ndani ya kioo, rudi kwenye bati. Kioo kikibaki wazi, endelea siku hiyohiyo. Likikaa wiki nzima kwenye gunia linanyonya unyevu upya na kazi yako imekwenda bure.

Sasa kulishindilia. Pitisha uzi imara kuzunguka ukingo wa duara la bitana, uvute kidogo lipate umbo la kifuko. Tanguliza vijiko viwili vya mchanga safi kwa ajili ya uzito, juu yake weka kiduara cha karatasi ngumu. Halafu vumbi, kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko ukishindilie kwa mpini wa mwiko kabla ya kingine. Andaa vumbi karibu mara mbili ya unavyodhani linatosha. Kifuko kikiwa kimejaa, acha kipumzike usiku. Asubuhi kitakuwa kimeshuka, ongeza tena. Kipimo changu ni kidole gumba: bonyeza kwa nguvu, kikibonyea kama mto wa kulalia bado. Kimto kilichoshindiliwa sawasawa kinakaribia ugumu wa tunda bichi, na pini ndefu inasimama wima bila kuegemea upande.

Funga uzi. Upande wa juu, utakaoonekana, tandaza sufu kwa unene wa kidole, kisha vika kikwembe juu ya vyote na uvute uzi wake kwa chini.

Hatua ya 5: kuunganisha

Paka gundi ya viatu ndani ya kopo na kwenye tako la kimto, subiri ishike kidogo, sukuma. Zungusha utepe au uzi uliosukwa kuficha mpaka wa kitambaa na bati. Iache siku moja.

Sindano zinazozama

Pini ina kichwa, haizami. Sindano ya mkono haina, na fundi aliyechoka anaisukuma mpaka tundu lake linapotea ndani ya kikwembe. Usibonyeze kimto kuitafuta kwa kiganja, inaweza kuibuka ndani ya mkono. Tafuta spika ya redio iliyokufa, toa sumaku yake, ipitishe polepole juu ya kikwembe huku ukisukuma pembeni kwa mpini wa kijiko. Ncha au tundu likichomoza, livute kwa koleo ndogo. Kwa kuzuia, ukiweka sindano kwenye kimto iache na uzi wake wa kama kiganja kimoja unaning'inia. Na zile ambazo hutazitumia mwezi huo zitoe, uzipanguse kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, uzihifadhi kwenye kikasha kilichofungwa.