Notisi ya siku 20 kwa mafundi wa California: someni hapa kabla ya kunipigia simu

Kila nikishika simu ni fundi hajalipwa, na notisi hakutuma. Notisi hii ni taarifa ya maandishi unayotuma ndani ya siku 20 tangu uanze kazi, ili usipolipwa uweze kudai juu ya mali yenyewe. Haya yanahusu kazi za watu binafsi California, kwa mwenye leseni aliyepewa kazi na kontrakta mkuu.

1. Andika siku uliyoanza kazi saiti au kushusha vifaa. Siku 20 zinahesabiwa hapo, si siku ya kusaini mkataba.

2. Jaza fomu ya kisheria, pamoja na makadirio ya bei yote. Onyo kwa mwenye mali liache lilivyo, kwa Kiingereza.

3. Wapelekee watatu: mwenye mali, kontrakta mkuu, na mkopeshaji wa ujenzi kama yupo. Huyu wa tatu ndiye anayewaponza watu, maana saiti humwoni. Tazama kibali cha ujenzi, kina nafasi ya jina lake. Muulize kontrakta, sheria inamtaka akupe. Akikuzungusha, tafuta hati ya mkopo kwenye kumbukumbu za kaunti. Jina la benki halikisiwi! Na ukiambiwa "hapa hakuna mkopo", hakikisha mwenyewe.

4. Tuma kwa posta iliyosajiliwa au peleka mkononi. Tunza risiti.

Pesa zikigoma, lieni, yaani deni linaloandikwa juu ya mali yenyewe, isajiliwe kaunti ndani ya siku 90 tangu ujenzi ukamilike. Mwenye mali akisajili notisi ya kukamilika, una 30 tu. Ukishaisajili, kesi ifunguliwe ndani ya siku 90.

MtuWaVigae: Mkuu, nilimtumia kontrakta WhatsApp, akajibu "sawa". Inatosha?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 4.

MtuWaVigae: Lakini amekubali.

Jibu: Mwenye nyumba je? Soma kwanza, ndugu yangu.

DadaRangi: Kaka, nilianza 1 Machi, leo 10 Aprili. Ndiyo basi tena?

Jibu: Hapana dada, tuma leo leo. Iliyochelewa inakinga kazi ya siku 20 za nyuma na inayofuata, kwako kuanzia 21 Machi. Ya kabla ya hapo utamdai kontrakta kwa mkataba, ila nyumba haitakudhamini.

DadaRangi: Asante. Na kontrakta ananipa karatasi ya kuachia haki ya lieni nisaini ndipo anikabidhi cheki.

Jibu: Umeuliza la maana. Saini ile yenye sharti, inayosubiri cheki ipite benki. Isiyo na sharti inakufunga ukisaini tu, hata cheki ikirudi.