Kinyonga wa Mlimani Hasafirishwi kwenye Buti ya Basi

Februari iliyopita niliitwa katika ofisi ya vifurushi ya kampuni moja ya mabasi jijini Nairobi, nikaonyeshwa katoni ya maji ya chupa iliyozungushiwa selotepu pande zote. Ndani yake mlikuwa na vinyonga 14 wa pembe tatu, waliotoka kwa mfugaji mwenye leseni katika nyanda za Meru na waliokuwa njiani kwenda kwa mnunuzi wa Ulaya. Tisa walikuwa wamekwisha kufa. Watano waliobaki walikuwa wamepauka kama jani la mhindi lililokauka, vinywa wazi na macho yamedidimia. Mwenye mali aliniambia kwa simu kwamba alipowakabidhi saa nne asubuhi aliwaona weupe, wametulia, akadhani wamekubali safari. Hawakuwa wametulia. Kinyonga akisikia baridi hujitia weusi ili apokee jua, na akizidiwa na joto hupauka ili alikwepe. Akifikia kupanua kinywa, mwili wake umeshindwa kujipoza.

Nimeona kosa hili mara nyingi mno, nami nalisema bila kuficha: wafugaji wengi huchagua njia ya kusafirisha kwa kutazama nauli, huku wakiamini kwamba mnyama atambaaye ni mnyama wa jua na kwamba adui yake safarini ni baridi. Kwa kobe na nyoka wa mchangani imani hiyo ina ukweli kidogo. Kwa kinyonga wa pembe tatu, ambaye kwao ni miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ni imani inayoua. Mnyama huyu hustawi mchana kwenye joto la nyuzi 21 hadi 27 za selisiasi, na usiku huvumilia kushuka hadi nyuzi 12 bila taabu. Ndani ya sanduku, ambamo hawezi kuhamia kivulini, weka mpaka wako kwenye nyuzi 26. Zikifika 28, simamisha gari upate upepo. Zikipita 32 hesabu yako ni ya dakika, si ya saa. Mnunue kipimajoto chenye waya mrefu, waya uingie katikati ya mifuko ya kitambaa wanamofungwa wanyama na kioo kibaki nje ya sanduku. Mkono uliowekwa juu ya katoni hauwezi kukueleza lolote la maana.

Sasa itazame buti ya basi. Ni chumba cha bati karibu na lami, mara nyingi jirani na injini, bila dirisha, na hufunguliwa kila kituo ili magunia yaongezwe juu ya mzigo wako. Gari lililofungwa na kuachwa juani, kwa saa moja tu, huweza kupanda nyuzi 20 zaidi ya joto la nje. Siku ya nyuzi 26 pale Nairobi, hiyo ni tanuri. Kondakta hana kosa, kwa kuwa umempa kifurushi naye amekibeba kama kifurushi.

Njia ninayotaka muitumie ni hii, na saa zake mzishike kama zilivyo. Kodi gari dogo lenye kiyoyozi kinachofanya kazi, na ukijaribu siku moja kabla. Ondoka Meru saa kumi alfajiri, ili ifikapo saa tatu asubuhi uwe Nairobi kabla jua halijakaza. Hapo wanyama wasibaki mifukoni wakingoja ndege ya usiku. Watoeni, muwaweke kwenye vizimba vya wavu vyenye matawi, kivulini, na muwanyunyizie maji kwa dakika kumi kila baada ya saa mbili hadi waonekane wakilamba matone. Kituo hicho cha mapumziko kitajwe katika kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwa maana kinyonga aliyekutwa mahali pasipoandikwa hatofautishwi na kinyonga wa magendo. Fungeni mifuko upya saa kumi na moja jioni, mzigo ufike uwanjani Jomo Kenyatta saa moja usiku, upandishwe ndege ya moja kwa moja inayoruka karibu na saa sita usiku. Ndege ya Nairobi hadi Amsterdam huchukua takribani saa nane na nusu. Iwapo hati zimenyooka, mnunuzi anaweza kufungua mifuko kabla ya saa kumi jioni ya siku inayofuata, kwa saa zetu. Kuanzia kufungwa hadi kufunguliwa, hizo ni saa 23.

Linganisha na safari ya wale 14 kama ingekamilika. Walifungwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Tikiti yao ya bei nafuu iliwapitisha Ghuba kwa kusubiri saa 11, watue Ulaya Jumamosi, wakati daktari wa mifugo wa mpakani hayuko kazini, na waachiliwe Jumatatu. Hata mambo yangekwenda vizuri, hesabu hiyo inakaribia saa 98. Nauli iliyookolewa haikufikia thamani ya wanyama wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mwulize wakala wa mizigo maswali haya, na akisitasita tafuteni mwingine. Je, ndege ni moja kuanzia hapa hadi mwisho? Shehena hii itawekwa katika chumba cha chini chenye joto linalodhibitiwa na chenye hewa? Ikichelewa kuruka, nani ataitoa kwenye lami na kuirudisha ndani, na namba yake ya simu ni ipi? Uwanja wa kufikia una kituo cha kuhudumia wanyama hai, kama vilivyopo Amsterdam na Frankfurt? Ndege za kupitia Ghuba kati ya Juni na Septemba zikataeni moja kwa moja, kwani huko joto la mchana huvuka nyuzi 40 na mzigo hungoja nje. Siku ya kuruka iwe Jumatatu au Jumanne usiku, ili kuchelewa kwa siku moja kusiangukie mwisho wa juma. Ijumaa hairuhusiwi. Nimelirudia hili katika kila mkutano, na bado kuna wanaoleta katoni Ijumaa.

Jambo jingine limeingia hivi karibuni, nalo linanisikitisha zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Wafugaji huona kwenye simu jinsi wenzao wa Marekani na Ulaya wanavyosafirisha: sanduku lililozungushiwa ndani povu jeupe, lile la kukinga televisheni, pamoja na vifuko vya joto. Wale wanakabiliana na theluji. Kifuko cha joto ni unga wa chuma unaoungua polepole kwa kula oksijeni. Huweza kupita nyuzi 50, na ndani ya sanduku lisilo na matundu humnyang'anya mnyama hewa ileile anayoivuta. Msivitie kwenye sanduku linaloondoka Kenya. Baridi ya Ulaya kati ya Desemba na Februari ishughulikiwe na mnunuzi, kwa gari lililopashwa joto mlangoni mwa uwanja, tena hilo liandikwe katika mapatano.

Kuhusu sanduku lenyewe, mnajua kwamba kila mnyama hukaa kwenye mfuko wake, nami nitaongeza vipimo tu. Mfuko uwe wa marikani iliyofuliwa kwa maji matupu, sentimita 25 kwa 35. Sanduku liwe la mbao nyembamba, lenye kina cha sentimita 25, mifuko ipangwe safu moja pasipo kupandana. Matundu ya sentimita 1 yatobolewe pande zote nne, kila baada ya sentimita 5, yafunikwe kwa wavu, na nje pigilieni vipande vya mbao vya unene wa sentimita 2 ili mzigo mwingine ukiegemea usiyazibe. Kuziba tundu kwa selotepu eti "upepo usiwapige" ni kuwafunga ndani ya chungu. Jike mwenye mimba nzito asisafiri kabisa. Vinyonga hawa huzaa watoto hai, nao huzaliwa na kufia mfukoni. Vipimo vyote hivi vikaguliwe dhidi ya Kanuni za Wanyama Hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, za mwaka huohuo, maana shirika la ndege lina haki ya kuukataa mzigo mlangoni.

Kinyonga aliyefika salama hushika tawi na kunywa ndani ya saa ya kwanza.

Wanaonijibu kwamba hawawezi kungoja Jumatatu kwa sababu karatasi zitapitwa na wakati wanakosea. Kibali cha kusafirisha nje cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hudumu miezi 6 tangu kutolewa. Chenye muda mfupi ni cheti cha afya cha daktari wa mifugo, na ndiyo sababu hicho huombwa mwisho, baada ya wakala kuthibitisha kwa maandishi nafasi ya ndege na saa ya kuruka.