Kuitazama chavua ya nanasi kwa hadubini

Nanasi tunalonunua sokoni Kadutu, hapa Bukavu, ni la Bromeliaceae, familia ya Amerika yenye spishi zaidi ya 3,000, ambayo Afrika imejaliwa spishi moja tu ya asili, Pitcairnia feliciana ya Guinea. Anayetaka kuzitambua chembe za chavua za familia hii aanze na milango yake, yaani nafasi zilizo wazi ukutani mwa chembe, si ukubwa wake.

Hatua ya 1. Chuma asubuhi ua dogo la zambarau lililofunguka siku hiyohiyo. Maua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, na kila moja hudumu siku moja tu.

Hatua ya 2. Kwa ncha ya pini, kung'uta vifuko vya stameni (viungo vya kiume vya ua) zote sita juu ya kioo safi.

Hatua ya 3. Dondoshea tone la alkoli, kisha ufute kwa pamba ule mviringo wa mafuta unaobaki pembeni linapokauka. Msiiruke hatua hii, kwa maana mafuta hayo huuficha ukuta wa chembe, na ukuta ndio tunaoutafuta.

Hatua ya 4. Weka kipande cha jeli ya gliserini yenye rangi ya fuksini, kipashe moto kidogo kiyeyuke, kisha ufunike.

Hatua ya 5. Tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Zungusha skrubu ya kulenga polepole: kwanza utaona juu ya ukuta nakshi kama wavu wa wavuvi, kisha, ukishuka kidogo, matundu mawili yanayoelekeana kwenye ncha za chembe. Hiyo ndiyo milango ambamo mrija wa chavua hutokea.

Swali kutoka Goma: Mwalimu, chavua ya Vriesea yangu ya mapambo, ya familia hii ya nanasi, haina matundu, bali ina umbo la mtumbwi. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea, ndugu. Vriesea na Pitcairnia zina mfereji mmoja mrefu badala ya matundu. Chembe ikikauka, mfereji hujikunja ndani, nayo ikinywa maji huvimba tena.

Swali kutoka Kadutu: Je, nanasi letu halina mbegu kwa sababu chavua yake imekufa?
Jibu: La, mama. Nanasi huikataa chavua ya aina yake lenyewe, na shamba lililopandwa machipukizi ya aina moja ni kama mmea mmoja. Likichavushwa na aina nyingine, mbegu ndogo ngumu hutokea karibu na ganda.